Nasaba na Nasibu: Jinsi Matukio Yasiyopangwa katika Historia ya Ukoo Yanavyomleta Mtu Duniani

1. Utangulizi

Swali "mimi ni nani?" limeandikiwa vitabu vingi. Swali lililo jirani yake, yaani "ilikuwaje hata nikawapo?", mara nyingi huachiwa wazee na watu wa dini, nasi wa vyuo vikuu hulipita kana kwamba halina elimu ndani yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo la pili lina elimu, tena linawagusa sana watu wa miji ya Katanga, ambako familia nyingi mno zilianza kwa safari ambayo haikupangwa na familia zenyewe.

Kwanza tutaeleza maneno ambayo Kiswahili hutumia kutaja mambo yatokeayo bila kupangwa. Kisha tutatazama hesabu ya wazee wa mtu, na namna historia ya kazi ilivyoingia katika nyumba za watu wa Lubumbashi. Mwisho tutauliza jambo lililo zito zaidi. Ikiwa mtu amezaliwa kwa sababu ya tukio baya, je, ana deni kwa tukio hilo? Na ikiwa kuwapo kwetu mahali fulani ni jambo la nasibu, ni nani awezaye kumwambia jirani yake "rudi kwenu"?

2. Maneno tunayotumia

Kiswahili hakitosheki na neno moja kwa jambo hili. "Bahati", neno lenye asili ya Kiajemi, husemwa hasa kwa jambo jema, ingawa ipo pia bahati mbaya. "Sadfa" ni kukutana kwa mambo mawili ambayo hayakuagana. "Ajali" latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufa. Leo twalitumia kwa gari lililopinduka au mgodi ulioporomoka. "Majaliwa" latokana na kitenzi kujalia: ni kile ambacho Mungu amemjalia mtu. Kwa hiyo jambo lile lile, kwa mfano kukutana kwa babu na bibi garini moshi, bibi ataliita majaliwa, na mjukuu wake aliyesoma hesabu ataliita sadfa. Wala hapana haja ya kugombana, kwa kuwa mmoja anaeleza maana ya jambo na mwingine anaeleza njia lilimopitia.

Maneno mawili yanastahili kutazamwa kwa makini: nasaba na nasibu. Mtu ayasikiapo hudhani kwamba ni ndugu. Nasaba ni mfuatano wa vizazi. Nasibu ni fungu limwangukialo mtu. Lakini katika Kiarabu, yalikotoka, maneno haya hayana mzizi mmoja. La kwanza huandikwa kwa herufi sini, la pili kwa herufi sadi, nazo ni sauti mbili mbalimbali. Kiswahili kilipoyapokea kiliziunganisha sauti hizo kuwa S moja, na maneno yakafanana kama watoto wa mama mmoja. Ufanano wao, basi, ni wa nasibu tu, wala si wa nasaba. Hata hivyo, tangu yalipokaribiana ndani ya lugha yetu hatuwezi kulitamka moja bila kulikumbuka la pili. Tutaona kwamba mambo ya watu nayo huenda vivyo hivyo: wasiokuwa ndugu hukutanishwa na tukio, na watoto wao wakawa ndugu kweli kweli.

Majina ya watu pia yahifadhi habari hizi. Katika Kivu, Maniema na Katanga hupatikana watu waitwao Safari, Bahati, Riziki, Tabu na Majaliwa. Mara nyingi jina la namna hiyo ni hati fupi ya hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa: wazazi walikuwa njiani, au walikuwa katika shida, au walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto. Mtafiti wa historia ya ukoo akikutana na jina kama hilo hana budi kusimama na kuuliza.

3. Hesabu ya wazee

Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na wazazi wa hao 8. Katika kizazi cha kumi kwenda nyuma nafasi za wazee hufika 1,024, na tukijumlisha vizazi vyote kumi tunapata 2,046. Kila mmoja wa hao alipaswa kuishi hata akafikia umri wa kuzaa, kukutana na yule mwenziwe na si mwingine, na kuzaa yule mtoto na si ndugu yake. Lau mmoja tu kati yao angalikufa kwa surua utotoni, mnyororo ungalikatika.

Tena haitoshi kwamba baba na mama walikutana. Kila mzazi humpa mtoto kromosomu 23, moja kutoka katika kila jozi aliyo nayo. Kwa uchaguzi huo peke yake mzazi mmoja aweza kutoa mafungu tofauti zaidi ya milioni 8, na wazazi wawili pamoja zaidi ya trilioni 70, bila kuhesabu vipande ambavyo kromosomu hubadilishana zenyewe kwa zenyewe. Mimba ingalitungwa siku nyingine, angalizaliwa mtoto mwingine, mwenye jina lile lile labda, lakini si wewe.

Hesabu hii yahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba haithibitishi ajabu yoyote iliyotukia kwa ajili yetu. Mchezo wa bahati nasibu ukichezwa na tikiti zote zikiwa zimeuzwa, lazima mtu mmoja ashinde. Ushindi wake si ajabu ila kwake yeye mwenyewe. Vivyo hivyo, kama tusingalizaliwa sisi, wangalizaliwa wengine, nao wangaliuliza swali hili hili. Ya pili ni kwamba nafasi za wazee haziwezi kuongezeka daima kwa watu tofauti. Katika kizazi cha thelathini hupita milioni 1,000, nayo ni idadi kubwa kuliko ya watu wote waliokuwa duniani wakati huo. Maana yake ni kwamba mzee mmoja hushika nafasi nyingi, na kwamba matawi ya koo hurudi yakakutana. Watu wawili wanaojiona wageni kabisa, wakipanda nyuma vya kutosha, watakutana kwa wazee wale wale.

4. Mji wa waliokutana

Hayo ni ya watu wote. Katika Katanga yana sura yake ya pekee, kwa sababu hapa nasibu ya watu wadogo iliongozwa na mipango ya watu wakubwa.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka huo huo ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandika watu kazi. Mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa. Nchi ya kandokando haikuwa na watu wa kutosha, na wengi waliokuwapo hawakutaka kuingia kazini kwa masharti yale. Basi wafanyakazi wakatafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, Angola, Lomami, Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Wengine walikwenda kutafuta fedha ya kodi, wengine walitolewa na machifu wao, wengine waliondoka kwa hamu ya kuona.

Mwanzoni mikataba ilikuwa mifupi, na mwanamume alimwacha mkewe kijijini. Wengi walikufa kwa maradhi ya mapafu na ya tumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: mikataba ikawa ya miaka 3, wanaume wakahimizwa kuishi na wake zao kambini, na posho ikatolewa pia kwa mke na watoto. Haikuwa huruma peke yake. Kuwaandika watu upya kila mara kulikuwa ghali, na mtoto wa kambini alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kesho. Lakini kutokana na uamuzi huo wa ofisini zilifungwa ndoa nyingi, na kutokana na ndoa hizo wakazaliwa watu ambao wajukuu wao leo wanasoma katika chuo kikuu.

Lugha nayo ilipita njia hiyo hiyo. Katika miaka ya mwanzo amri kazini zilitolewa mara nyingi kwa lugha ya mchanganyiko iliyoletwa na watu wa migodi ya kusini. Kiswahili kilikuja kushika nafasi yake, na Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba jambo hilo lilihusiana na nia ya Wabelgiji ya kupunguza nguvu za Waingereza katika Katanga. Waliokusudia kuilinda mipaka ya biashara yao hawakukusudia kuwapa watoto lugha ya mama. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa.

5. Mfano mmoja

Ili mambo yaonekane waziwazi, tutunge mfano. Watu wake hawakuwapo, lakini kila tukio lililotajwa pamoja nao lilikuwapo.

Kijana wa Lomami aliandikwa kazi mwaka 1928 pamoja na kaka yake. Mganga wa kampuni aliwapima wote wawili. Kaka alikutwa na kifua kibovu, akarudishwa nyumbani, na mdogo mtu akaenda peke yake. Mnamo 1931 na 1932, bei ya shaba ilipoanguka kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia, wafanyakazi wengi sana waliachishwa na kurudishwa makwao. Yeye alibaki, kwa kuwa miezi michache kabla alikuwa amejifunza kuendesha mtambo ambao mwenye kuujua alikuwa ameumia mkono.

Upande wa pili, msichana alizaliwa mjini na baba aliyevuka Luapula mwaka 1913. Kwa kawaida binti yule angaliozwa kwa watu wa ukoo wa baba yake ng'ambo ya mto. Lakini baba alikufa katika homa ya mafua iliyoizunguka dunia na kuingia Katanga kwa njia ya reli mwishoni mwa mwaka 1918, na mama hakuwa tena na nauli wala sababu ya kurudi. Mwaka 1934 kijana wa Lomami alimwoa binti yule. Hapakuwa na lugha ya kijiji waliyoijua wote wawili; waliposa, wakagombana, wakapatana na kulea watoto kwa Kiswahili.

Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa mgomo wa wafanyakazi, askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, na watu wengi wakauawa. Mtu wetu alikuwa ametoka zamu ya usiku, akapitiwa na usingizi, asiende. Mtoto wake wa nne alizaliwa miaka miwili baadaye. Huyo ndiye bibi wa mwanafunzi wetu.

Tukiuliza sababu ya mwanafunzi huyo kuwapo, orodha yake ni hii: kifua cha mtu mmoja, mkono wa mtu mwingine, bei ya shaba katika masoko ya ng'ambo, maradhi yaliyoua mamilioni, na usingizi wa asubuhi moja. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa likimtazamia yeye.

Jambo moja zaidi halionekani katika mfano huu, nalo ni la maana kuliko yote. Wale waliokufa kabla ya kuoa, wale waliozikwa nje ya kambi bila habari kufika kwao, hawana wajukuu wa kusimulia. Historia ya ukoo husimuliwa daima na waliobaki. Ndiyo maana huonekana kama kwamba ilikuwa ikielekea kwetu tangu mwanzo. Kando ya kila nasaba inayosimuliwa zipo nasaba nyingi zilizokatika, nazo zimenyamaza.

6. Sababu si fadhila

Hapo huzuka swali gumu. Mtu akisema, "bila uandikishaji ule wa nguvu nisingalizaliwa", je, ni lazima aushukuru? Na yule ambaye bibi wa bibi yake alitekwa na misafara ya watumwa huko Maniema, je, hawezi kuulaani utumwa bila kujilaani mwenyewe?

Kwa maoni yetu mafundo mawili yamefungwa pamoja hapa, na yafaa kufunguliwa. Sababu si fadhila. Fadhila ni tendo la mtu aliyekukusudia wema. Mkamataji wa watumwa hakumkusudia mtu yeyote wema, wala hakukujua. Kuzaliwa kwetu hakulipi gharama ya tendo lake, kwa kuwa gharama hiyo ilibebwa na watu wengine, na wengi wao hawakupata chochote. Mtu aweza kuyapenda maisha yake na kuichukia njia yaliyopitia, kama vile mtu apendavyo maji ya kisima na bado akasikitika kwamba mchimbaji wake alifia humo.

Kinyume chake nacho ni kweli. Ubaya wa chanzo haumchafui aliyezaliwa. Hakuna aliyechagua mlango wa kuingilia duniani.

7. Nasaba ikigeuzwa kuwa hoja

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaijua habari ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe yalichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Humo aeleza jinsi alivyofika kwa mtawala mzee Kasongo Rushie, katika nchi ya Utetera. Alikuwa amesikia kwamba zamani dada wa mtawala huyo alitekwa vitani akapelekwa mbali. Tippu Tip akadai kwamba mwanamke yule ndiye bibi yake mwenyewe. Mzee akampokea kama mjukuu aliyerudi, akamwachia utawala.

Habari hii yafundisha mengi. Msiba wa mwanamke mmoja, ambao ulikuwa nasibu mbaya ya ukoo, uligeuzwa na mfanyabiashara mwerevu kuwa hati ya kutawala. Methali yetu yasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hapa mtumwa ndiye aliyefanywa kuwa asili. Tena, dai hilo lilikubaliwa kwa sababu halikuwa jambo lisilowezekana. Mahali ambapo watu wengi wamechukuliwa na kutawanywa, mgeni yeyote aweza kuwa ndugu. Mzee yule alikubali kwa matumaini kile ambacho hesabu yetu ya sehemu ya tatu yakubali kwa tarakimu.

Lakini nasaba hutumiwa pia kufukuzia. Kuanzia Agosti 1992, na katika mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa nguvu katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja gari moshi, na wengi walikufa humo na njiani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga. Babu zao hawakuvamia mji. Walifuatwa na waandikishaji, wakasafirishwa kwa reli ambayo tangu 1928 iliunganisha Katanga na Kasai kwa faida ya kampuni. Wajukuu wakaambiwa warudi "kwao", mahali ambapo wengine hawakupata kupaona.

Neno "mwenyeji" laonekana kuwa imara, lakini tukilipima kwa historia latikisika. Bayeke wa Bunkeya wanahesabiwa leo miongoni mwa watu wa Katanga pasipo shaka, nao waliingia katika karne ya 19 pamoja na Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo kwa ajili ya biashara ya shaba na pembe. Tofauti kati ya aliyekuja na Msiri na aliyekuja na kampuni ni tofauti ya miaka, si ya namna. Wote wawili waliitwa na shaba. Mwenyeji ni mtu ambaye nasibu ya wazee wake ilitangulia kidogo ile ya jirani yake. Hilo laweza kumpa heshima ya mtangulizi. Halimpi haki ya kumfukuza mtu katika nyumba aliyozaliwa.

8. Kazi iliyo mbele yetu

Yaliyotangulia si falsafa tupu. Yanatupa namna ya kufanya utafiti. Mwanafunzi anapokwenda kwa wazee kuandika historia ya ukoo, mara nyingi huuliza majina na vijiji, akarudi na orodha. Orodha hutuonyesha nasaba bila nasibu. Afaa kuuliza pia: Ni nani aliyepaswa kwenda akakosa kwenda? Kwa nini mwaka ule na si mwingine? Ni nani alikuwa mchumba wa kwanza? Ni mtoto gani alikufa, na aliyemfuata akaitwaje? Katika maswali hayo ndimo zinamotokea habari za wale walionyamaza.

Maandishi yapo yanayoonyesha kwamba watu wa kawaida walitaka habari hizo zibaki. Vocabulaire de ville d'Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, yaeleza historia ya mji kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Fabian aliitoa mwaka 1990. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu ameandika kwa kirefu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, na kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père kilitoka mwaka 2001.

Hata hivyo kazi haijatosha, na muda ni mfupi. Aliyekuwa mtoto wa miaka mitano siku ya risasi za 1941 leo amepita miaka themanini, na wa umri wake waliobaki ni wachache. Wanakumbuka kwa Kiswahili kile kile ambacho wazazi wao walikuta kambini au walikitengeneza humo, pamoja na maneno yake ya kazi, ya posho na ya msiba. Anayesoma Kiswahili katika chuo kikuu ana vyombo vya kuipokea kumbukumbu hiyo. Basi na aende na daftari lake kwa mzee aliye karibu naye, awe wa ukoo wake au wa jirani, kwa kuwa katika mji huu mpaka kati ya hao wawili si mrefu kama unavyodhaniwa.